Bao la Ukungu

Jumatatu, 2 Juni

Jumapili hii tunamkumbuka Magoti, na mimi bado nina lile bao langu la aibu. Lazima nifanye jambo. Mwaka huu lazima!

Hebu niliweke sawa. Sisi ni mashabiki wa mpira wa magongo. Magoti alishinda kila kikombe akiwa na timu nyingine huko, kisha uzeeni akaja kwetu, magoti yote mawili yamefungwa bandeji. Alikuwa kama mgeni aliyechelewa karamu, akakuta ukoko, akaula na kumsifu mpishi. Hakukimbia. Mazoezini alikalia kiti cha plastiki. Kwenye mechi alisimama tu ukingoni mwa duara la kufungia, anagonga gongo lake chini mara mbili, ko, ko, na mpira wenyewe unamfuata. Alikaa misimu mitatu tu. Ndiyo misimu pekee timu yetu iliwahi kuitwa timu.

Alipofariki tuligawana mabao yake. Kila shabiki bao moja. Kila mwaka unasimama jukwaani, unalisimulia bao lako, na wenzako wanagonga benchi, ko, ko. Bao la mwenzio huligusi. Siku ya kugawana nilichelewa kwa sababu ya mashuka ya hoteli (dobi hana siku yake). Nikakuta limebaki moja: lile ambalo Magoti aliinama kujifunga bandeji, mpira ukaligonga gongo lililolala chini, ukaingia. Mwenyewe hakujua mpaka wenzake walipomrukia mgongoni.

Tangu hapo naitwa Bandeji. Mke wangu tu ndiye haniiti hivyo. Shemeji yangu, yaani kaka yake, kinyozi, bwana mwenye mdomo mkali kuliko wembe wake, ana Bao la Mvua! Dakika ya mwisho, dhidi ya mabingwa! Akilisimulia, watu wanalia. Nikisimulia langu, watu wanaulizana kama chai imebaki.

Leo kaniuliza mbele ya wateja wake kama mwaka huu nitaleta bandeji mpya. Wakacheka mpaka mmoja akakatwa sikio. Sawa, shemeji. Tutaonana.

Jumanne, 3 Juni

Nimelipata! Nimelipata nikiwa katikati ya kola ya shati la mwalimu mkuu. Karibu niliunguze.

Kama hakuna bao zuri lililobaki, si linatengenezwa? Mechi ya kirafiki. Siku ya kazi, asubuhi, watu wachache. Wapinzani ni timu iliyokwisha kuvunjika. Na ukungu! Ukungu mzito, hata mwamuzi haoni filimbi yake. Nani atabisha? Wote watasema hawakuona, na ndivyo ilivyokuwa, hawakuona.

Saa kumi alasiri nikawakuta wamejaa kwa shemeji kama kawaida. Nikaanza polepole, kama mtu anayechomolewa mwiba. Nikawaambia nililificha bao hili miaka yote kwa sababu linauma. Magoti alikuwa upande wa kushoto, akaugeuza mgongo, akapiga kinyume, bila kutazama. Ukungu ukameza mpira. Tukausikia tu wavuni. Kisha akaja mpaka kwenye reli ya jukwaa, akaninyooshea gongo, akasema hili ni lako.

Nikamtazama Nesi. Nesi mstaafu ndiye mwenyekiti wetu, mwanamke aliyefumba macho ya marehemu wengi, chozi lake halitoki ovyo. Macho makavu! Nikaona bao linanifia mkononi. Basi nikaongeza maiti.

Nikasema juu kabisa, benchi la mwisho, alikaa mtu peke yake. Mpira ulipoingia alipiga kofi moja, akanyamaza. Tulipomfikia alikuwa ameshaondoka na furaha yake.

Nesi akatoa kitambaa. Shemeji akazima mashine ya kunyolea, akauliza marehemu alikuwa nani. Nikasema simjui, maskini, ukungu ule. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyeulizia chai!

Mke wangu kauliza mbona yeye hajawahi kulisikia hilo bao. Nikamjibu kuna mambo mwanamume huyabeba kimya. Kasema mimi sijawahi kubeba kitu kimya, hata ndoo ya maji. Kisha akasema nijihadhari: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wivu wa kwao huo. Yeye na kaka yake damu moja.

Jumatano, 4 Juni

Ukungu leo asubuhi. Kipindi hiki cha mwaka! Uwanja uko nyuma ya duka langu la udobi, ukuta kwa ukuta, na sikuuona.

Nesi kaleta mapazia. Akakaa. Akasema tangu jana mambo yanamrudia. Alikuwa zamu siku ile, ndiye aliyempokea yule mtu wa jukwaani. Anakumbuka viganja vyake: kimoja chekundu, kama kilichopiga kofi kwa nguvu zote. Na shati lilikuwa safi, lina wanga kwenye kola.

Nilitaka kucheka, nikajikaza. Bibi wa watu anataka naye awemo. Nani hataki? Lakini Nesi hasemi uongo. Mwaka juzi alimwambia bwana harusi, mbele ya wageni, kwamba suti imembana. Nikamuuliza kwa upole kama ana hakika. Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu, akasema viganja vya maiti havisahauliki.

Mchana nikasikia uwanjani, ko, ko. Nikachungulia dirishani. Mtu hakuna. Majani yalikuwa yamelala mahali pamoja, ukingoni mwa duara, kama pamesimamiwa muda mrefu.

Mafundi wa bomba hao. Wana kelele siku zote.

Alhamisi, 5 Juni

Makubwa! Kaja mzee mmoja mrefu, kavaa koti la safari, mikono mikubwa, vidole vimepinda. Golikipa. Golikipa wa ile timu iliyokwisha kuvunjika! Kasafiri tangu alfajiri.

Kasema alikuwa anakunywa chai kwake Jumanne, saa kumi alasiri, lile bao likamjia. Lote. Kama jina lililokaa kwenye ncha ya ulimi miaka mingi. Alisikia gongo likigonga chini mara mbili, akajipanga, na mpira ukalia nyuma yake. Hakuuona ukipita. Ilikuwa baridi sana, akasema. Baridi ilitokea upande wa Magoti. Na kule juu mtu mmoja akapiga kofi.

Mimi sikumwita. Simjui. Sijui hata kama ile timu ilikuwa na golikipa, maana niliitaja tu kwa kuwa haipo. Nikaweka pasi chini. Mungu wangu, nilisema moyoni, nimetengeneza nini?

Lakini mtu mzima hababaiki. Nikajikusanya nikamwambia kwa heshima zote: mwenye bao ni mimi, karibu. Akashangaa. Akasema ameshatoka kwa mwenye bao. Kinyozi pale kona. Kinyozi ndiye aliyekuwa kwenye reli, ndiye aliyenyooshewa gongo.

Kinyozi!

Hofu yote ikanitoka, nikabaki na hasira tupu. Mwizi! Anaiba bao ambalo hata halijawahi kufungwa! Na siwezi kumshtaki popote, maana nikisema hakuwepo kwenye reli kwa sababu reli yenyewe ilikuwa tupu kwa sababu hapakuwa na mechi... hapana. Nimefunga mdomo. Kesho namwendea.

Jumapili ni bao langu au lake. Sirudi kwenye bandeji, wallahi sirudi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda. Nikakaa kwenye foleni ya kunyoa ili nimkabili akiwa na wembe mkononi na hawezi kukimbia. Akamwita aliyekuwa mbele yangu. Kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Kisha wa nyuma ya huyo.

Dharau hiyo! Nikasimama, nikasema shemeji, hii siyo haki. Akapiga miayo, akafuta kioo pale sura yangu ilipokuwa, juu, chini, kama hakuna mtu. Nikarudi kukaa, akaja mteja mnene, akataka kunikalia mapajani. Nikaruka. Naye akatulia palepale akasema kiti kina baridi.

Nilidhani wamepanga. Shemeji anaweza, ana akili ya fitina. Lakini Nesi alikuwepo, na Nesi hapangi utoto. Nesi akawa anawaeleza yule mtu wa jukwaani alivyokuwa. Mfupi. Pengo juu, kushoto. Hawezi kutazama mechi bila kumfundisha mchezaji. Kola imepigwa pasi ikasimama wima. Dobi, akasema. Alikuwa dobi.

Golikipa akauliza jina. Shemeji akajibu, taratibu, sauti imekwaruza: tulikuwa tunamwita Bandeji. Alikuwa mume wa dada yangu.

Nikacheka. Nilicheka peke yangu, kicheko kikarudi kwangu kutoka ukutani.

Kisha Nesi akasema wasimame dakika moja. Wakasimama, wengine na sabuni usoni. Na mimi nikasimama. Ningefanyaje? Ni adabu. Shemeji alikuwa anatokwa na machozi, ya kweli, yanadondokea kwenye wembe. Miaka yote sijawahi kumwona ananililia. Nakiri niliguswa kidogo. Mnara wa heshima, na mimi nipo kuuona!

Njiani kurudi nikaanza kuogopa. Nilimsalimu muuza magazeti mara tatu.

Jumamosi, 7 Juni

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Umeingia mpaka dukani, umekaa kati ya mashati.

Wateja wanafika mlangoni, jirani anawaambia dobi alikwisha kufa zamani. Wanauliza mbona pasi inatoa mvuke. Anasema hata yeye anashangaa. Nilimpigia kelele sikioni. Akajikuna sikio.

Mke wangu ananiona. Mungu ampe maisha marefu, ananiona. Majirani walikuja asubuhi kumpa pole, akawafukuza na ufagio, akawaambia mume wake yuko jikoni anakula. Wakatazamana. Mmoja akamwambia dada, pole tena.

Lakini mchana alipakua sahani moja. Akakaa. Akainuka ghafla, akaleta ya pili, akasimama nayo katikati ya chumba kama amesahau alikuwa anaipeleka wapi. Baadaye akaniuliza chumba hiki tulipaka rangi mwaka gani. Nikamkumbusha: mwaka ule niliodondoka kwenye ngazi, nikakaa na rangi kichwani wiki nzima, naye akaniita kasuku. Akasema hiyo kasuku anaikumbuka, lakini anapokumbuka, yuko peke yake kwenye ngazi.

Akalia. Mke wangu si mtu wa kulia. Hushona nguo za maharusi na vitambaa vya jeneza kwa sindano ileile na uso uleule. Akanishika shavu, akasema nina baridi. Akasema niambie, mume wangu, lile bao lilikuwepo?

Nikasema lilikuwepo.

Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeshaingia mpaka shingoni. Niseme kweli. Kesho, mbele yao wote, kabla hawajalisimulia na kuligongea benchi. Wakiligongea, limekuwa la kudumu. Neno moja tu: halikuwepo. Bao likiondoka, na maiti wake ataondoka nalo. Yeye hataki umaarufu, kasema, anataka mtu wa kugombana naye.

Na mimi namtaka yeye. Nisiandike uongo hapa. Nilimtazama akikunja vitambaa vyake, nikaona nikimkosa huyu sina nilichobaki nacho duniani. Nimeahidi. Nimeapa kwa mama yangu. Kesho nasema.

Jumapili, 8 Juni

Jukwaa limejaa. Uwanja hauonekani hata kidogo, ni weupe tu mpaka kwenye reli. Watu wamevaa makoti. Benchi la juu kabisa wameliacha tupu kwa heshima ya marehemu. Tukakaa hapo, mimi na mke wangu. Watu wakamtazama kwa huruma. Alinishika kifundo cha mkono, hakuachia.

Wakaanza. Bao moja moja. Nesi na bao lake la kona fupi. Ko, ko. Muuza magazeti na la kipindi cha pili. Ko, ko. Kila wakigonga benchi, kule chini ndani ya ukungu kitu kilijibu, ko, ko, kikachelewa kidogo. Nadhani walidhani ni mwangwi. Golikipa hakudhani. Alikuwa ameinua mikono usawa wa kifua, tayari.

Bao la bandeji halikutajwa. Hakuna aliyekuwa nalo. Sikujali. Vizuri life.

Kisha shemeji akasimama. Mke wangu akaninong'oneza, sasa. Nikasimama. Naapa nilisimama! Neno lilikuwa mdomoni, nalionja. Ha-li-ku-we-po. Mke wangu akapaza sauti akawaambia wanyamaze, mume wake ana jambo la kusema. Wakatazama juu, wakatazama nafasi iliyo kando yake. Walikuwa tayari kusikia. Mwaka mzima hawajawahi kunipa nafasi kama ile.

Hawakusikia kitu, na shemeji hakuona vema kungoja zaidi. Akaanza taratibu. Alisema Magoti alikuwa upande wa kulia, akauvuta mpira, akapiga mbele.

Kulia? Kupiga mbele?

Nikamfokea kwa nguvu zangu zote: kushoto, wewe! Kushoto! Kaugeuza mgongo kapiga kinyume! Ungekuwepo ungejua!

Shemeji akapangusa paji la uso. Akasema polepole, ngojeni, nimekosea. Ilikuwa kushoto. Aligeuza mgongo. Watu wote wakatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kushoto, ndivyo ilivyokuwa. Wakainama, wakagonga benchi, jukwaa zima. Ko, ko. Kule chini mpira ukaingia wavuni. Kila mtu aliusikia.

Nilifurahi, sifichi. Sekunde moja nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Nikageuka nimwambie mke wangu, umeona? Wamekubali!

Alikuwa anautazama mkono wake. Vidole bado vimejikunja kushika kitu. Akavikunjua kimoja kimoja. Akamuuliza Nesi, hivi hapa nilikuwa nimeshika nini. Nesi akamkumbatia, akamwambia ni kawaida, mwanangu, hata baada ya miaka yote hii.

Jumatatu, 9 Juni

Mke wangu kahamia kwa kaka yake kwa muda. Kabla hajaondoka kafunika cherehani kwa shuka, kapita kando yangu mlangoni. Nilimwita kwa jina ambalo nalijua mimi tu. Alijifunga mtandio vizuri, kama mtu aliyepigwa na upepo, akaenda. Nimelia sana, mwenyewe, jikoni. Nimeumia. Simwonei mtu haya hapa.

Duka limefungwa kwa kufuli ambalo si langu. Nikazunguka nyuma, nikaruka ukuta, nikaangukia uwanjani. Ukungu tupu. Nikafuata sauti. Ko, ko.

Alikuwa amesimama ukingoni mwa duara. Bandeji zote mbili zimelowa. Mzee kweli. Mzee kuliko tulivyomzika. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Mtu wa kwanza kuniitikia tangu Jumapili!

Magoti kasema amechoka. Kasema mabao aliyoyafunga mwenyewe hayana shida, yamelala mahali pake. Lakini yale tunayomwongezea sisi, lazima aje ayafunge. Tangu Jumanne anafunga hili la kwangu, asubuhi na mchana, kila mtu anapolikumbuka, na magoti yanawaka moto. Na mpigaji wa kinyume hakuwa yeye kamwe. Maisha yake yote hakuwahi kupiga kinyume. Kaniomba. Magoti, aliyeshinda kila kikombe, ameniomba mimi! Nikisema hapohapo kwamba bao hilo halikuwepo, yeye atakwenda kupumzika, ukungu utaondoka, na geti lile pale litafunguka. Nikikimbia nitamwahi mke wangu kabla hajafika kona ya kinyozini.

Geti nililiona. Lilikuwa wazi kidogo, na mwanga wa kawaida unaingia, wa barabarani, na sauti ya mtu anauza karanga. Nikamwona mke wangu kwa mbali na begi lake, anatembea kama anayesubiri kuitwa. Nikafungua mdomo.

Halafu nikafikiri. Mtu mwenyewe ni mzee. Kacheza mechi ngapi, kapigwa mipira mingapi ya kichwa? Atakumbukaje kila bao? Jukwaa zima limelikumbuka, golikipa kalikumbuka, Nesi ambaye hasemi uongo kalikumbuka. Mtu mmoja tu ndiye anabisha, na mtu mmoja hawezi kuwa sahihi dhidi ya wote.

Nikamshika bega, nikamwambia asijali mzee wangu, uzee ndivyo ulivyo, ajipe siku mbili tatu atalikumbuka tu. Nikamsogeza kidogo kushoto. Miguu ilikuwa mahali pabaya.